Majagi Manne ya Bi Shadya

"Majagi yangu manne, Mwanawema! Manne! Lingekuwa moja ningesema limesahaulika. Yangekuwa mawili ningesema mwanamke ana shughuli zake. Manne!"

"Hayajenda popote. Yamo kabatini, nimeyapanga, nimeyafunika kitambaa cha kudarizi. Ukitaka njoo uyazuru."

"Sitaki kuyazuru, nataka yarudi!"

"Yarudi na nini?"

Hapo Bi Shadya akanyamaza, na kunyamaza kwa Bi Shadya ni jambo la kuandikiwa tarehe. Alikuwa amesimama upande wake wa ua wa makuti, juu ya kreti la soda ili kichwa kipite, kanga imemteleza begani. Upande wa pili Bi Mwanawema alikuwa anapara samaki, magamba yanaruka huku na huku, wala hakuinua uso.

Swali lilikuwa zito, kwa sababu pale mtaa wa Jadida, Wete, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa bakuli la mchuzi, utalirudisha na ndizi mbili, au mayai, au japo konzi ya chumvi. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia: mie na weye tusijuane tena. Wapo watu wamezikana bila ya kuagana kwa sababu ya sahani.

"Jiweke mahali pangu, shoga," Bi Mwanawema akaendelea. "Nikutilie mkate wa kumimina? Umesema sukari ni adui. Nikutilie samaki wa kukaanga? Mafuta yanaziba mishipa. Muhogo? Wanga. Si wewe uliyetangaza mbele ya watu kwamba tumbo lako limestaafu kupikiwa? Basi nitie nini jagini? Hewa?"

"Tia hata maji!"

"Maji! Nimrudishie jirani yangu maji, kama ninayemtawadhisha mgeni! Mama yangu akifufuka atanichapa."

Bi Shadya akageuza uso kutafuta jibu, na macho yakamuangukia mgomba uliokuwa umeegemea ua upande wa Bi Mwanawema. Wiki mbili nyuma mgomba ule ulikuwa umenyauka kama mtu aliyeachwa. Sasa majani yalikuwa mapana yanang'aa, na pale chini kwenye shina palikuwa na duara la povu lililokauka, rangi ya karoti, na juu yake vipande vya mchicha.

"Mwanawema," akasema polepole. "Juisi zangu unampa nani?"

Bi Mwanawema akaacha kupara. Akautazama mgomba. Akamtazama jirani yake.

"Alhamdulillahi," akasema, "sumu zote zimemtoka."

*

Tusimlaumu Bi Shadya kabla hatujamjua. Alikuwa mwanamke mwenye hofu moja tu duniani, nayo ni baraza tupu. Giza hakuliogopa, wala majini, wala mikutano ya wazazi skuli. Lakini ipite Alasiri moja nyumbani kwake bila ya viatu saba au vinane kuzagaa mlangoni, hilo lilikuwa halijawahi kutokea tangu alipoolewa, ila pakiwa na msiba pahala pengine, na hapo hiyo baraza nzima huhamia msibani naye akiwa mbele.

Baraza yake ilikuwa na chai ya maziwa yenye iliki, vitumbua, kachori, na juu ya yote habari. Habari ikitoka Wambaa na gari la asubuhi, jioni iko kwa Bi Shadya imeshamenywa, imetiwa viungo na kuungwa nazi. Mumewe, Mzee Silima, mtu wa maneno machache aliyestaafu kazi ya bandarini, alikuwa akisema hana haja ya redio, yeye amemuoa.

Kisha binti yao Yumna, anayekaa Maskati, akaleta mashine. Ilikuja ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke mwembamba anayecheka na bilauri. Ilikuwa nzito, ya kung'aa, ina tundu juu la kutilia matunda, ina mdomo mmoja wa kutolea maji na mwengine wa kutolea machicha. Mzee Silima aliizunguka mara mbili, akaigusa kwa kidole, akasema: "Kumbe kifumbu cha kukamulia nazi, ila hiki kimesoma."

Lakini mashine pekee isingeleta balaa. Balaa lilikuja na simu. Ndani ya simu alikuwamo bwana mmoja anayejiita Daktari wa Maji ya Uhai. Daktari wa nini, hakusema. Alikuwa na meno meupe, shati jeupe, na nyuma yake jiko jeupe lisilo na hata sufuria moja iliyoungua, na Bi Shadya aliamini kwamba mtu mwenye jiko safi kiasi kile hawezi kusema uongo. Daktari alisema mwili wa binadamu umejaa sumu. Sumu imo kwenye ini, imo kwenye magoti, imo nyuma ya macho. Dawa yake ni kuacha vya kupikwa na kunywa mboga mbichi asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya kwanza Bi Shadya alitia karoti nzima na mashine ikaguna, ikasogea yenyewe juu ya meza kama inayotaka kutoka. Siku ya pili alitia bungo na kokwa zake, na mlio uliotoka ulimfanya Mzee Silima ashuke kitandani na kushika mlango. Siku ya tatu alitia embe la kienyeji, lile lenye nyuzi, na akakaa mpaka Magharibi akichokonoa chujio kwa mswaki. Akajifunza taratibu: vitu vikatwe vidogo, kigumu kitangulie laini kifuate, tangawizi isizidi kidole gumba, na chujio lioshwe hapo hapo kabla halijakauka likawa saruji. Na juisi inywewe mara tu ikitoka. Ukiiacha inajitenga, maji chini povu juu, kama ndoa mbovu.

Siku ya nne alitoa juisi ya nanasi, tangawizi na ndimu kidogo, akaipeleka barazani pamoja na vitumbua. Watu walikunywa wakalamba mpaka bilauri. Hata Bi Jawaher, mwalimu mstaafu, mwanamke wa ukoo mkubwa ambaye husifia kitu mara moja kwa mwaka na mara nyingi ni kitu chake mwenyewe, alisema: "Hii, Shadya, hii inanyweka."

Angeishia hapo, tusingekuwa na hadithi. Lakini usiku ule Daktari wa Maji ya Uhai akasema sukari ya matunda nayo ni adui aliyejivika nguo za rafiki. Mtu aliyeamka kweli hunywa majani. Nanasi likafukuzwa. Vitumbua vikafukuzwa. Birika la chai likawekwa juu ya kabati limegeuzwa chini juu. Wageni wakaja Alasiri wakakuta bilauri za mchicha, tango na mkururo mkubwa wa maneno kuhusu ini.

Mtu mstaarabu hakimbii siku ya kwanza. Walikunywa, wakakunja nyuso, wakasema mashallah. Siku ya pili mmoja akaumwa na goti. Siku ya tatu mwengine akawa na mjukuu wa kumtazama, na ikajulikana kwamba mjukuu mwenyewe ana miaka kumi na saba. Viatu mlangoni vikawa sita, vikawa vinne. Bi Shadya akavihesabu, akavihesabu tena. Na kwa kuwa hakuweza kuamini kwamba watu wanaikimbia juisi, aliamua wanaikosa. Akaanza kuwapelekea majumbani. Jirani wa karibu ndiye aliyepewa zaidi, ndiyo majagi manne, ndiyo mgomba ukanawiri.

*

"Jumatano!" Bi Shadya alitangaza kutoka juu ya kreti lake, kwa sauti ambayo iliwafikia watu watatu wanaopita njiani. "Jumatano baada ya Alasiri, nyote kwangu! Waume kwa wake! Na kila mtu atakunywa mbele ya macho yangu, mwanzo na wewe, Mwanawema, usije ukaenda kutafuta mgomba!"

Mwaliko ni mwaliko. Kwa Mpemba kuitwa kwa jina usiende ni kutafuta uadui, na zaidi ya hapo watu walijiambia kwamba mwaliko wa makelele vile hauwezi kuwa wa majani matupu. Lazima patakuwa na pilau. Bwana Mabruki, mume wa Bi Mwanawema, fundi bomba, mtu mwenye kitambi cha heshima, hakula chakula cha mchana siku ile kwa makusudi. Alifika ameshanawa mikono.

Pilau haikuwapo. Palikuwa na meza yenye kitambaa, mashine katikati kama bibi harusi, na beseni la vitu vya duara, vyeusi kwa udongo, ambavyo wengi hawakuvijua.

"Bitruti," alisema Bi Shadya kwa fahari. "Zimetoka bara."

Alizipata sokoni kwa Ishak muuza mboga. Zilikuwa zimezidi kwenye oda ya hoteli moja ya ufukweni, na kwa muda wa siku tatu hakuna mtu wa Wete aliyeziuliza hata jina. Ishak alipomuona Bi Shadya anasimama mbele yake na kuzigusa alitaka kulia kwa furaha. Akampa gunia zima. Bi Shadya alikuwa hajawahi kula bitruti maishani mwake, lakini Daktari wa Maji ya Uhai alishasema: hakuna kinachojenga damu kama bitruti.

"Inaongeza damu," Bi Shadya akawaambia wageni huku akimenya, vidole vyake vikageuka kama vya bwana harusi aliyekosea hina. "Nyote hapa hamna damu. Tazameni macho yenu."

Watu wakatazamana macho. Mashine ikanguruma. Ikatoka juisi nyekundu, nzito, nzuri ya kutisha, yenye harufu ya shamba baada ya mvua. Bilauri zikajazwa. Bi Mwanawema alipewa ya kwanza, kubwa kuliko zote, na Bi Shadya akasimama mbele yake mikono kiunoni mpaka tone la mwisho.

"Vipi?"

"Nimewahi kuanguka konde la muhogo nikiwa mtoto," akasema Bi Mwanawema akijifuta mdomo, "nikala udongo. Ilikuwa na ladha hii hii. Lakini ile haikuwa na mwaliko."

Watu wakacheka, na kwa kuwa walicheka wakanywa, na kwa kuwa gunia lilikuwa kubwa wakanywa tena. Bwana Mabruki, akiwa na njaa na akidhani pilau bado iko njiani, alikunywa bilauri tano. Bi Jawaher alikunywa mbili kwa ncha ya midomo. Jumla ya watu kumi na wanne walikuwapo, na viatu mlangoni vilipandana. Bi Shadya alivitazama akahisi roho yake imekaa mahali pake. Usiku ule alilala kama mtoto.

*

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda chooni, akatazama chini, na dunia ikasimama.

Ilikuwa nyekundu.

Sasa, mtu wa pahala pengine angeshangaa, akafikiri kidogo, pengine akakumbuka alichokunywa. Lakini mtoto wa Pemba anakijua kichocho kabla ya kujua alifu. Skuli huja watu, wakakupa kichupa, wakakupima kimo kwa fimbo yenye rangi, na kimo chako ndicho kinachosema utameza vidonge vingapi. Kila mtu kisiwani anajua: haja ndogo nyekundu ni kichocho, na kichocho ni mtoni. Hakuna wa pili wa kumshuku.

Bi Shadya alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akajishika mashavu. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba labda damu imeongezwa mpaka imezidi ikawa inamwagika. Akalifukuza. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Kichocho ni maradhi ya watoto wanaocheza mtoni. Mtu mzima, mke wa mtu, akipata kichocho, watu watauliza: huyu mtoni alifuata nini? Na wakishauliza nini, watauliza na nani. Alijua watauliza kwa sababu yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa mwanzo kuuliza.

Akachukua kichupa kitupu cha manukato, akafanya alilolifanya, akakifunga kwenye kanga, akavaa buibui na kujifunika uso.

"Nakwenda soko," akamwambia mumewe akiwa ameshafika nje.

"Na mie nnakwenda shamba," Mzee Silima akajibu kutoka ndani, kwa haraka isiyo yake. "Kutazama mikarafuu."

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Bi Shadya akakaa mwisho wa benchi, macho chini. Aliyekuwa karibu naye alikuwa mwanamke aliyejifunika gubigubi, ameshika leso ya kudarizi iliyofungwa kitu kirefu. Lakini kwenye kidole cha yule mwanamke palikuwa na pete ya akiki ambayo Bi Shadya ameiona kila Alasiri kwa miaka ishirini.

"Jawaher?"

Pete ikajificha ndani ya buibui. "Nimekuja kumtazama mgonjwa," ikasema sauti ya kialimu.

"Na mie. Mgonjwa."

"Yupi?"

"Si yule yule?"

Mbele yao alisimama mwanamme mnene aliyewapa mgongo, anakagua bomba la ukutani kwa makini makubwa. Bomba halikuwa na kasoro. Bwana Mabruki aligonga mara mbili kwa ukucha, akatikisa kichwa kama fundi, huku mfuko wake wa shati ukiwa na chupa ya plastiki yenye kitu chekundu kinachoonekana kwa mbali kama taa ya gari.

Bi Shadya akaanza kutazama huku na huku. Yule pale ni mwenye goti. Yule ni mwenye mjukuu. Wote walikuwapo, kila mmoja na kichupa chake, kila mmoja anatazama ukuta. Baraza yake nzima imekaa pale kwa utulivu ambao hajawahi kuuona. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Silima na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi.

Mume na mke wakatazamana.

"Mikarafuu imehamia hapa?" akauliza Bi Shadya.

"Na soko?" akauliza Mzee Silima, akakaa.

Huenda wangekaa hivyo mpaka Adhuhuri, watu kumi na watatu wanaofahamiana kwa majina ya bibi zao, kila mtu akimtafuta mgonjwa asiyekuwapo. Lakini ikasikika sauti nje, inakaribia, haijajifunika wala haijaficha kitu.

"Iko wapi foleni ya kichocho? Maana mie nimeamka naona mkojo mwekundu kama sharubati ya sikukuu, na mtoni sijakanyaga tangu nilipovunja ungo!" Bi Mwanawema akasimama mlangoni, kichupa juu, akatazama benchi lote, mtu mmoja mmoja. "Ee! Kumbe mkutano? Mbona sikualikwa?"

Vichupa vikaanza kutoka kwenye leso, kwenye kanga, kwenye mifuko. Mpimaji, kijana mmoja mpole anayeitwa Zubeir, alivikusanya kwa trei. Vilikuwa na rangi moja, vimepangwa kama vya duka la manukato. Akaingia ndani na hadubini yake. Akatoka. Akarudi ndani. Akatoka tena na uso wa mtu anayejizuia.

"Sijaona yai la kichocho hata moja," akasema. "Hebu niambieni, wazee wangu. Jana mlikula nini?"

Vichwa kumi na vitatu vilimgeukia mtu mmoja.

"Bitruti," Bi Shadya akasema kwa sauti ndogo.

"Nyingi?"

"Gunia."

Zubeir akavua miwani, akafuta macho. "Bitruti ina rangi, mama. Si kila mtu humtoka hivyo, lakini nyie mmekunywa kama ng'ombe. Kesho itakwisha. Nendeni nyumbani mkanywe maji." Akaingia ndani akafunga mlango, na kicheko chake kikasikika mpaka dirishani.

*

Njiani walicheka. Bi Shadya naye akacheka, akaamini yamekwisha. Lakini kicheko cha njiani si kicheko cha barazani. Kabla ya Ijumaa kusaliwa habari ilishapanda gari la abiria ikafika Kengeja, na kule ilipofika ilikuwa imeshanona: ati kuna nyumba Wete ukikaribishwa unapewa na kichupa.

Ijumaa baada ya Alasiri Bi Shadya alifagia baraza, akatandika mikeka, akakaa. Hakuja mtu.

Jumamosi akafagia mara mbili. Alikuja paka, akanusa mashine, akaenda.

Dawa alikuwa anaijua. Ilikuwa juu ya kabati, imegeuzwa chini juu. Kuliteremsha birika, kupika chai, kuchoma vitumbua, na watu wangerudi kwa harufu tu. Lakini alishasema mbele ya kadamnasi kwamba chai ni sumu na tumbo lake limestaafu. Kuliteremsha birika ilikuwa ni kulamba matapishi, na Bi Shadya alijua vyema namna habari ya mtu anayelamba matapishi inavyopikwa, kwa kuwa jiko lilikuwa lake. Akakaa na tango lake. Siku ya kumi na tano sasa alikuwa hajatafuna kitu. Usiku aliota muhogo wa nazi ukimwita kwa jina la utotoni.

Jumapili ikawa mbaya kupita zote, kwa sababu upepo uligeuka. Ukaja kutoka upande wa ua wa makuti, na ndani yake mlikuwa na shelisheli la nazi linalochemka, na samaki nguru anayekaangwa, na pilipili iliyosagwa na ndimu. Halafu zikaja sauti. Alivitambua vile vicheko kabla hajamuona mtu: kile cha Bi Jawaher kinachoanzia puani, kile cha mwenye goti. Baraza yake ilikuwa hai, imehamia nyumba ya pili, na habari inayosimuliwa ilikuwa inasimuliwa vibaya. Bwana Mabruki, aliyekuwa anaisimulia ile ya kituo cha afya, alikuwa ameshapita pahala pa kunyamaza ili watu wacheke, bila ya kunyamaza.

Mzee Silima akaingia kutoka nje, akapita kimya. Midomo yake ilikuwa inang'aa.

"Umekula wapi?"

"Nani, mie? Nimepita tu."

"Umepita ndani ya sufuria?"

Mzee Silima akafikiri. "Shadya," akasema, na hapa alitumia maneno mengi kuliko ya mwezi mzima, "mie mume wako, na mashine yako naiheshimu. Lakini jana nimemwota shelisheli nikamlilia. Nakwenda kumalizia." Akatoka.

Bi Shadya akabaki na mikeka yake. Akaitazama milango ya watu iliyofungwa, akaitazama njia. Kwenda asiyealikwa hawezi. Kukaa hawezi. Alipanda juu ya kreti, akashuka. Ndipo alipokumbuka kwamba ana haki moja ambayo hakuna anayeweza kumnyima. Akajifunga kanga vizuri, akazunguka ua, akasimama mlangoni kwa Bi Mwanawema.

"Hodi. Nimefuata majagi yangu."

Vicheko vikakatika. Ndani walikuwa wote, wamezunguka sinia. Mzee Silima akajificha nyuma ya kikombe, na kikombe kilikuwa kidogo. Bi Mwanawema akanyanyuka, akajifuta mikono, akafungua kabati. Akayatoa moja moja, yameoshwa yakang'aa, akayapanga kizingitini miguuni mwa jirani yake. Manne.

Bi Shadya akainama akachungulia ndani yake. La kwanza. La pili. Uso ukambadilika. Miaka ishirini na nane ya vyombo kupita juu ya ua ule, na hakuna hata kimoja kilichowahi kupita hivi.

"Matupu, Mwanawema?"

"Matupu."

"Ndiyo kusema..." Alishayazoea maneno maisha yake yote, na siku ile yakamkimbia kama wageni. "Basi. Ndiyo kusema basi."

"Ndiyo kusema nimelijaribu shelisheli kwenye mdomo wa jagi lako, halikuingia," akasema Bi Mwanawema. "Nguru naye nimemjaribu kwa kichwa, nimemjaribu kwa mkia. Nitafanyaje? Chombo chako kilichokaa kitupu wala si majagi haya." Akanyoosha kidole chenye harufu ya ndimu, akamgusa Bi Shadya tumboni. "Ni hiki. Siku kumi na sita kinapita mbele ya mlango wangu kitupu, na mie nina jiko. Watu wangesema nini?"

"Wangesema Mwanawema hana adabu," akadakia Bi Jawaher kutoka kwenye sinia.

Bi Shadya akameza mate. Macho yake yalishapita juu ya bega la jirani yake, yakafika kwenye sinia, yakakaa.

"Huo wanga," akasema, lakini kwa unyonge.

"Wanga, na mafuta, na chumvi nimeizidisha makusudi. Kesho utaniletea jagi moja la nanasi na tangawizi, lile lile la siku ile, na hiyo habari ya kituo cha afya utaisimulia wewe, maana Mabruki anaiharibu." Bi Mwanawema akamshika mkono, akamvuta ndani. "Jawaher, sogea mtu akae. Silima, teremsha hicho kikombe, ushaonekana. Vua viatu, shoga, maji ya kunawa haya hapa. Karibu ule."